Saa Nne za Kusubiri Kauli Yako

Nyumbani,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumatatu, tarehe 9 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Watoto nao wanaendeleaje na shule? Na ule mgongo uliokuwa unakisingizia kiti cha ofisi, umepona au bado unautafutia mto? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Shangazi magoti yanamsumbua, ila mdomo ni mzima. Baba anajikongoja. Mimi niko kazini kama kawaida, chumba kilekile cha picha hospitalini, na ile mashine inaniunguruma masikioni hata nikiwa nyumbani naosha vyombo.

Najua umeshangaa kupata bahasha. Mara ya mwisho kukuandikia barua nilikuwa kidato cha pili, nakueleza jinsi paka wetu alivyozaa ndani ya kabati la mama. Siku hizi tunapigiana simu mpaka tunachokana. Leo nimeamua kuandika, na sababu nitaisema nikifika mwisho. Tafadhali usirukie mwisho. Nakujua, wewe hata gazeti unaanzia nyuma.

Neno lenyewe ni shingo ya baba. Ule mshipa mkubwa wa kushoto umeota ukoko ndani kama sufuria, na daktari anataka kuufungua ausafishe kabla haujarusha bonge jingine la damu kichwani. Wewe umesema isubiri mpaka uje Desemba. Shangazi amenifikishia ujumbe wako mzimamzima: "Pasisainiwe kitu mpaka nifike." Nimeusikia. Lakini kabla sijakujibu kuna mambo lazima niyatoe, maana nikiyaacha rohoni yataniozea.

Kwanza, nimesikia ulichowaambia ndugu kwenye kile kikao chenu cha simu. Eti mkono wa baba usingepooza kama "yule wa hospitali" angechangamka. Yule wa hospitali ni mimi, kaka. Hata Pilipili hukuniita, jina ulilonipa mwenyewe nikiwa na miaka minne. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, nje ya chumba changu mwenyewe, nikalia mpaka mfagiaji akaja kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu, nimesingiziwa tu.

Basi nikukumbushe siku ile ya kiharusi kwa saa zake. Sizitoi kichwani. Kila picha inayotoka kwenye mashine yetu ina saa yake kwenye kona ya juu, tarakimu nyeupe, na hazimjui mkubwa wala mdogo.

Saa moja na nusu asubuhi baba alikuwa juu ya ngazi anaandika bango la kinyozi wa pale kona. Alikuwa ameshamaliza K, I, N, Y na O. Brashi ikamponyoka. Kinyozi alidhani mzee anafanya mzaha, mpaka alipomwona anateremka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia unaning'inia. Yule kinyozi, Mungu ampe umri mrefu, hakutafuta kauli ya mtu. Alikuwa na mteja kitini amenyolewa nusu kichwa, na mteja ana gari. Wakambeba baba hivyohivyo. Saa mbili na nusu walikuwa mlangoni kwetu, na mapokezi walitaka kumlaza yule mteja kwanza kwa jinsi kichwa chake kilivyotisha.

Zamu ilikuwa yangu. Ndiyo, nilimpiga picha baba yangu mwenyewe. Nilimvua saa, nikamtoa ile penseli anayoiweka sikioni, nikamlaza. Alinitazama akataka kusema kitu, ikatoka sauti tu. Nikarudi nyuma ya kioo nikabonyeza kitufe, maana ndiyo kazi yangu.

Picha ya kwanza ilionyesha hakuna damu iliyovuja. Hapo nikamshukuru Mungu. Ya pili tukamwekea dawa ile inayoichora mishipa, na upande wa kushoto mshipa mkubwa ulikuja vizuri, halafu ukaisha ghafla. Bonge lilikuwa limekaa pale. Daktari wa kichwa, yule mama mfupi wa raba nyeupe niliyekusimulia, aliisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kugusa. Akasema, "Huyu tumemuwahi. Dawa ya kuyeyusha iingie sasa hivi, halafu mwenzangu apitishe waya kutoka kwenye paja akalivute litakalobaki. Ila dawa inaweza kuvujisha damu kichwani, siwezi kuanza bila saini ya nyumbani. Saini hapa." Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na ninaliweka mezani mwenyewe kabla hujanisaidia. Kalamu niliiweka chini.

Niliiweka chini kwa sababu ya kile kibao. Unakumbuka mama alivyotutoka akiwa chumba cha upasuaji, wewe ukaambiwa kesho yake. Ulipofika ulisimama mlangoni na begi mkononi, ukasema mbele ya watu wote, "Mmenifanya mgeni kwenye msiba wa mama yangu." Hukukosea. Tulikukosea sisi, na neno lile lilimchoma baba kuliko kifo chenyewe. Wiki ileile alichukua kipande cha bati, akaandika namba yako ya simu kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kazi safi kama ya bango la benki. Juu yake akaandika: KABLA YA LOLOTE, MPIGIENI HUYU. Akakitundika juu ya friji. Tangu siku ile hata jino la shangazi halikung'olewa bila wewe kuulizwa. Watu wengine husema asiyekuwapo na lake halipo. Kwetu sisi asiyekuwapo ndiye mwenye kauli.

Shangazi alifika mbio na ndala miguu tofauti. Kabla hajamwangalia hata mgonjwa akaniuliza, "Umempigia?" Nikakupigia. Ulipokea upesi, sikatai. Ulisema, "Msisaini kitu. Nina rafiki yangu daktari, nimuulize kwanza, halafu nawapigia." Nikakwambia kaka, daktari yuko hapa, amesimama mbele yangu. Ukasema, "Pilipili, usiwe na papara." Ukakata.

Ukazima simu.

Nilipiga mara ishirini na tatu. Shangazi alipiga zake mpaka chaji ikamwishia. Daktari alikuja mlangoni mara ya kwanza na fomu, mara ya pili na fomu, mara ya tatu hakuja na fomu, alikuja na macho tu. Mimi niliwapiga picha wagonjwa wengine watano katikati, maana foleni haimsubiri mtu. Mguu wa mwendesha pikipiki, kifua cha bibi mmoja, vitu vya kawaida. Kila nikitoka namkuta baba kwenye kitanda cha magurudumu ukutani, jicho moja linanifuata. Najua ninachokijua kwenye kazi hii. Miaka kumi na moja najua kwamba kichwa kikikosa damu, kila dakika inakula. Na bado nilisubiri sauti yako kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa kwenda chooni.

Saa sita daktari alinivuta pembeni akaniambia ile dawa ya kuyeyusha imeshapitwa na muda wake, sasa ikiingia inaweza kumuua. Saa saba kasoro dakika tatu ukapiga. "Samahani, nilikuwa kwenye kikao. Rafiki yangu anasema dawa hiyo ni nzuri, mpeni."

Mpeni! Saa nzima mlango umeshafungwa, wewe ndio unabisha hodi.

Na yule rafiki yako nimeshamjua. Wifi aliniambia bila kujua anasema nini, tulikuwa tunazungumzia meno ya mtoto. Daktari wa meno, kaka! Kichwa cha baba kililala ukutani saa nne kinasubiri ushauri wa daktari wa meno. Ningecheka kama ingekuwa baba wa mtu mwingine.

Sasa nikueleze kilichomwokoa, kwa sababu kwenye simu unasema "tumshukuru Mungu" halafu unahamia kwenye hali ya hewa. Mungu tumemshukuru. Lakini alitumia kitu, na mimi nilikiona kwa macho yangu. Daktari aliagiza picha nyingine, saa saba na dakika ishirini. Hii tunaipiga mara tatu mfululizo, kwa kupishana sekunde chache, kuangalia dawa inavyotembea kwenye mishipa. Ya kwanza, upande wa kushoto ulikuwa mtupu. Nikashika meza. Ya pili, nikaona vinyuzi vyembamba juu ya ubongo, vinatoka kwa jirani, kwenye mishipa ya mbele na ya nyuma, vinaingia kinyumenyume upande ule uliozibwa. Ya tatu, vimejaa. Mshipa mkubwa umekufa saa sita nzima, na hivi vijinjia vya pembeni ambavyo siku zote havina kazi ya maana vilikuwa vinapitisha damu kidogokidogo, vinalisha nyumba isiyo yao. Daktari akasema wako watu ambao hawakujaliwa vijinjia hivyo, na mtu wa namna hiyo angeshaharibika kabla ya saa tano. Baba anavyo, tena vizuri. Akasema, "Bado kuna cha kuokoa. Nani anasaini?"

Nikasaini. Sikukuuliza. Saa tisa waya ulikuwa umetoka na bonge lenyewe, dogo kama punje ya mchele.

Nilipomweleza shangazi habari ya vile vijinjia akasema, "Kumbe hata kichwani wadogo ndio wanaobaki kulisha wazee." Nikamwambia shangazi usianze. Lakini nimeiandika hapa, uisome.

Ila havifiki kila mahali. Kuna sehemu moja ndani kabisa ambayo ina mlango mmoja tu, haina jirani wa kuikopesha damu. Ile ilikufa. Kwenye picha ni doa jeusi, halizidi ukubwa wa njegere mbili, na ndani yake umo mkono wa kulia wa baba na sehemu ya ulimi wake. Saa tatu asubuhi lile doa halikuwapo. Nina picha zote mbili, nimekuwekea nakala humu kwenye bahasha. Soma saa za pale kona, halafu waite tena ndugu kwenye kikao uwasomee.

Hali yake ya sasa ni hii, maana kwenye simu tunakupaka mafuta. Anatembea na fimbo mpaka getini na kurudi. Mkono wa kulia haufungi hata kifungo. Maneno yanayotoka sawasawa ni machache: maji, sawa, bado, toka, nani. Hilo la toka analisema vizuri kuliko yote, hasa kwa yule binti wa mazoezi. Wewe unapiga simu Jumapili unasema, "Mazoezi asikose, mara tatu kwa siku!" Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Njoo ushike kiwiko hicho mara tatu kwa siku huku mzee analia kimyakimya, halafu uniambie usufi una uzito gani.

Kinyozi hajaruhusu mtu mwingine amalizie lile bango. Mpaka leo linasomeka KINYO. Watu wameshazoea, wanasema wanakwenda kwa Kinyo. Kila tukipita na baba anasimama analiangalia, halafu anauangalia mkono.

Sasa nije kwenye shingo. Daktari alitaka kuisafisha wiki ya pili baada ya kiharusi, nimonia ikaingia, ikabidi asubiri kifua kipone, mwili upate nguvu. Wiki mbili zilizopita nilimpiga picha tena. Njia ndani ya ule mshipa imezidi kuwa nyembamba, damu inapita kama kwenye tundu la sindano. Daktari hakuzungusha maneno. Kupasua kuna hatari yake, mtu anaweza kupata kiharusi kingine palepale mezani. Kusubiri kuna hatari kubwa zaidi, na kila wiki inaongezeka. Nikamwambia kaka yetu anasema Desemba. Akanijibu, "Huyo kaka yenu anaonaje shingo kutoka huko aliko?" Jibu nimekuachia wewe. Unalo?

Ijumaa nilifanya jambo ambalo kazini hatulipendi. Nilimwingiza baba nyuma ya kioo, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamfungulia picha zake zote. Nilidhani atachoka. Alikaa nusu saa. Unajua jicho lake, mtu aliyeandika mistari maisha yake yote. Alivifuata vile vijinjia kwa kidole cha mkono wa kushoto juu ya skrini, kimoja kimoja, taratibu, kama anavyokagua kazi ya mwenzake. Alipofika kwenye doa jeusi akasimama. Nikamweleza. Nikamwonyesha saa ya picha ya kwanza na saa ya picha ya pili. Hesabu bado anaijua, kaka. Akazigusa zile saa mbili, hii na hii, akanigeukia.

Akasema, "Nani?"

Nilikuwa na jina lako mdomoni. Miezi mitatu nimelitafuna, lilikuwa tayari kutoka, na nilikuwa na haki. Nikamtazama yule mzee aliyeandika namba yako kwa rangi nyekundu na kivuli cheusi ili asikukosee mara ya pili. Nikamwambia, "Mimi, baba. Nilichelewa kusaini."

Alinitazama sana. Sijui kama aliamini. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto kwenye meza yangu, akahangaika na ulimi, likatoka neno jipya ambalo hatukuwahi kulisikia tangu augue: "Kalamu."

Nikamwita daktari. Akamweleza kila kitu upya, hatari ya kupasua na hatari ya kusubiri, polepole, akimtazama usoni. Baba akasema sawa. Daktari akarudia, baba akasema sawa, mara ya tatu akamwambia toka. Ameisaini mwenyewe ile fomu. Mkono wa kushoto, saini inapanda mlima na kushuka, mtu ambaye jina la kila duka mtaani hapa ameliandika yeye. Imemchukua dakika sita. Sikumshika mkono, hata alipotaka.

Shangazi nilimwambia usiku huohuo wakati wa kula. Nilijiandaa kwa vita. Alikitazama kile kibao juu ya friji, akamaliza chakula chake, akanawa, akazima simu yake akanipa. "Kaniwekee kabatini mpaka yaishe," akasema, "mimi nikiulizwa siwezi kudanganya." Kwa hiyo kama umempigia, au umenipigia mimi Jumapili, ukatukosa, usihangaike. Ujue yuko salama, amejificha tu, nami nimejificha naye.

Msalimie sana wifi, mwambie namshukuru kwa yote pamoja na asiyoyajua. Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu na anasema hana kinyongo. Mimi ninacho. Kinyozi anakusalimu, anakukumbuka ulivyokuwa ukimkimbia mkasi. Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya, na akupunguzie vikao. Nakuombea kweli, hata nikiwa na hasira nakuombea, maana aliyenibeba kwenye baiskeli kwenda shule mvua ikinyesha ni wewe, na nimejaribu kusahau nimeshindwa.

Sasa ile sababu. Baba anaingia chumba cha upasuaji Alhamisi hii, tarehe kumi na mbili, saa mbili asubuhi. Nilimuuliza mama wa posta barua inachukua siku ngapi kufika kwako. Akasema kumi na mbili, ikichelewa kumi na tano. Nikamwambia nipe stempu.

Kwa hiyo hapa ulipofika, kaka, imeshakwisha. Najua unainuka kuchukua simu. Piga ya nyumbani, namba zetu hazijabadilika, na sasa tutapokea. Ukisikia sauti ya baba, mwambie wewe mwenyewe nani aliyesema tusubiri, mimi mzigo wako nimeubeba vya kutosha. Ukisikia yangu kabla ya yake, kaa chini kwanza.

Wako akupendaye kwa uchungu,
Pilipili.